Oili Safi Kwenye Beseni

Benchi la wateja lilikuwa la chuma, limepakwa rangi ya manjano iliyoanza kubanduka, na Mama Basi alikuwa amekalia ncha yake tu, kama mtu anayetaka kuondoka wakati wowote. Mbele yake kibasi chake cha kubebea watoto wa shule kilikuwa juu ya shimo, na ndani ya shimo fundi mnene mwenye miwani alifanya kazi huku akipiga mluzi. Ukutani paliandikwa kwa herufi kubwa: OILI CHAPCHAP, UNAONDOKA KABLA CHAI HAIJAPOA. Chai yenyewe hakuna aliyemletea.

Barabara ilipita hatua chache tu kutoka pale. Kila gari lililopunguza mwendo lilimfanya ainamishe kichwa na kujifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Hakuwa ameiba wala hakuwa na deni pale. Lakini mtaani kwao habari hazikosi wa kuzibeba, na angetosha mtu mmoja tu mwenye mdomo mwepesi kumwambia mumewe, "Leo nimekiona kibasi chenu pale kwa chapchap."

Mumewe mtaa mzima ulimwita Mwenyewe, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila kitu. Bomba likivuja, nitaziba mwenyewe. Bati likitoboka, nitapanda mwenyewe. Na oili ya gari, hiyo ndiyo usiseme. Tangu waoane hakuna mtu mwingine aliyewahi kulala chini ya gari lao. Halafu mwaka jana aliamka asubuhi moja upande wa kulia umekufa. Mguu ulirudi nusu, mkono ukarudi robo. Maneno yalirudi yote, na neno la kwanza kumtoka lilikuwa lile lile.

"Mama, fundi anasema filta ya hewa imechoka," dada wa kaunta alimwambia kutoka dirishani.

"Imechoka vipi?"

"Imejaa vumbi. Na leo tuna dawa ya kusafisha injini, ina punguzo."

"Vumbi nitalikung'uta nyumbani, dada. Mimi nimekuja kubadilisha oili na filta yake. Basi."

Alikuwa amejitahidi kusema kwa sauti ya chini, lakini bwana mmoja mwenye tai aliyekaa upande wa pili wa benchi alitabasamu huku macho yake yakiwa kwenye simu. Mama Basi alihisi masikio yanapata moto. Akavuta kanga yake vizuri juu ya mapaja, ingawa haikuwa imekwenda popote.

Bei ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya kununua oili dukani na kumwaga mwenyewe. Hilo alilijua kama anavyolijua jina lake, maana alikuwa amelisikia kila gari lilipofikia kumwagwa oili, miaka nenda miaka rudi: "Ile nusu nyingine unamlipa mtu kwa kujua kufungua nati moja." Pesa aliyokuwa nayo mkobani ilikuwa ya mtungi wa gesi. Gesi yenyewe ilishaanza kuwaka kwa kigugumizi tangu juzi.

Lakini angefanyaje? Mwezi uliopita, akiwa na watoto ndani, taa nyekundu iliwaka kwenye dashibodi na isizimike. Alizima injini papo hapo, akakiacha kibasi kiserereke mpaka pembeni, akawashusha watoto wote kwenye majani kando ya barabara, wameshikana mikono kama wanaokwenda kuimba. Dereva wa lori la mchanga alisimama kumsaidia. Aliingia chini, akatoka na kidole cheusi. "Nati ya kumwagia oili imelegea, mama. Aliyeikaza mara ya mwisho aliishika kwa adabu mno." Akaikaza, akampa oili kidogo ya akiba, na hakutaka hata shukrani. Mzazi mmoja aliyepita wakati ule na kumwona mwanawe amesimama juani hakuwa na ukarimu huo. "Kama gari limekushinda, sema tutafute mwingine," alisema mbele ya watoto. Na wiki ile ile alitafuta mwingine kweli.

Jioni ya siku ile ya taa Mwenyewe alipouliza kulikuwa na nini, Mama Basi alimtazama mkono ule wa kulia, uliolala juu ya paja kama kitu alichopewa amshikie mtu. Akasema jiwe liliruka likapiga chini ya gari.

"Tayari, mama," fundi wa shimoni alisema, akipanda ngazi huku akipangusa miwani.

Dada wa kaunta alikuja na karatasi ndogo ya gundi, imeandikwa tarehe ya kurudi.

"Hiyo usinibandikie."

"Ni utaratibu wetu, mama. Bila hii bosi anatuuliza."

Akaibandika kwenye kona ya kioo cha mbele, akaisugua kwa kidole gumba ishike vizuri. Mama Basi aliendesha mpaka kona ya kwanza, akaegesha, akaanza kuibandua kwa kucha. Ilitoka vipande vipande. Alama nyeupe ya gundi iliyobaki aliisugua kwa mate.

Alipoingia uani akakanyaga breki ghafla. Mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya mlango, amevaa shati lake la kazi, lile la buluu lenye madoa yasiyofulika. Pembeni yake palikuwa na galoni mpya ya oili, spana, beseni la zamani, na mkeka umeshatandikwa. Vile vipande viwili vya gogo alivyozoea kupandishia magurudumu ya mbele vilikuwa vimekwisha pangwa.

Barazani wifi yake, dada mdogo wa Mwenyewe, alikuwa ameinamia cherehani. Aliishi nao tangu ndoa yake ilipovunjika, na hakuwahi kuona jambo akaliacha lipite bila kulitolea neno.

"Wifi, umechelewa leo," alisema. "Kaka yangu huyu tangu asubuhi anaangalia lango kama anangoja posa."

"Foleni," alisema Mama Basi. Kisha akamgeukia mumewe. "Baba watoto, hii oili imetoka wapi?"

"Dukani."

"Najua ni dukani. Pesa?"

"Nimebana hapa na pale." Akashika fimbo, akainuka. Kuinuka kwake siku hizi kulikuwa kazi ya awamu: kwanza fimbo, kisha kushoto, halafu kulia kuvutwa nyuma kama mtoto mkaidi. "Panda magogoni. Kikiwa bado na moto ndiyo oili inashuka yote."

"Leo joto kali. Na saa saba nawafuata watoto. Kwa nini tusingoje Jumamosi?"

"Jumamosi utasema jua. Jumapili utasema mvua. Nimekwambia panda."

Alikuwa anasema bila hasira. Macho yake yalikuwa na uchangamfu ambao hakuwa ameuona muda mrefu. Alishanyoa ndevu. Mama Basi alisimama pale na ufunguo mkononi. Angeweza kusema wakati ule. Sentensi moja ingetosha. Badala yake aliingia garini, akapandisha magurudumu ya mbele juu ya magogo, akavuta breki ya mkono na kujiambia kwamba labda nati itamshinda. Watu wa chapchap wanakaza kwa nguvu za kiume. Itamshinda, atachoka, atasema tumngoje jirani, na hapo yeye atapata pa kuanzia.

Haikumshinda. Alijilaza juu ya mkeka, akajisukuma chini kwa mguu wa kushoto. Mama Basi alipiga magoti kando ya tairi kama alivyozoea miaka yote, kazi yake ikiwa kushika tochi. Mwenyewe aliiweka spana kwa mkono wa kushoto, ikateleza, akaiweka tena. Akaunyanyua mguu wake mzima na kuupiga mpini kwa kisigino. Mara ya tatu nati ililia.

"Umesikia?" alisema. "Watu wanadhani hii kazi ni mikono."

"Nimesikia."

"Niletee beseni karibu."

Akaifungua kwa vidole, taratibu, na ikatoka ghafla na kuangukia kwenye beseni. Oili ikafuata.

Ilishuka kama uzi mnene, inang'aa. Oili ya miezi mitatu hutoka nyeusi kama lami, inanuka moto. Hii ilikuwa na rangi ya asali. Ilijaa kwenye beseni bila doa, mpaka ungeweza kuiona nati kule chini. Mama Basi aliishika tochi kwa mikono miwili. Mumewe alibaki chali chini ya gari. Hakugeuza shingo. Aliiangalia ile oili inavyoshuka na kushuka mpaka cherehani barazani nayo ikasimama.

Wifi akaja, uzi bado mdomoni, akachungulia.

"He. Mbona safi hivi? Hii si unaweza kukaangia mandazi?"

Uzi wa oili ulipungua, ukawa matone.

"Ulikwenda lini?" Mwenyewe aliuliza kutoka chini ya gari.

"Leo."

"Leo lini?"

"Baada ya kuwashusha watoto. Sasa hivi tu ndiyo nimetoka huko."

"Kwa chapchap."

"Kwa chapchap."

Alijivuta akatoka, akabaki amelala chali kwenye mkeka, anaangalia mbingu. Shati lilikuwa na vumbi begani. "Nimekukosea nini?" aliuliza.

"Hukunikosea kitu."

"Mtu analipa mara mbili kazi ambayo mumewe anaifanya bure. Mbele za watu. Halafu ananiacha nilale chini kama mjinga nimwage oili mpya. Halafu nisiulize."

"Nilitaka kukwambia."

"Ulitaka lini? Umekaa hapo na tochi."

Wifi alianza kurudi nyuma kidogo kidogo kuelekea barazani, jambo ambalo si kawaida yake.

Mama Basi aliweka tochi chini. Alikuwa amechoka. Alikuwa ameamka alfajiri, amebeba watoto wa watu, amekaa kwenye benchi kama mwizi, amebandua karatasi kwa kucha. Maneno yakamtoka bila kupimwa.

"Hapakuwa na jiwe," alisema.

"Jiwe gani?"

"Mwezi uliopita. Nati ilikuwa imelegea. Ulipoikaza mara ya mwisho haikukazika. Oili ilimwagika njia nzima na watoto wako ndani. Nikakwambia ni jiwe kwa sababu sikuweza. Ndiyo maana nimekwenda kwa chapchap. Si kwa sababu nina pesa za kuchezea."

Mwenyewe alitafuta fimbo kwa mkono wa kushoto, akaipata, akaanza ile kazi ya kuinuka. Mkewe alimshika kwapani na yeye akautoa ule mkono, kwa upole, kama mtu anayeondoa jani lililomwangukia. Alipopiga hatua ya kwanza, mguu wa kulia, ambao haukuwa ukinyanyuka vizuri, uliburuta ukingo wa beseni. Beseni likabinuka. Oili ikaenda uani, ikatafuta mteremko, ikapita chini ya kigoda.

Aliiangalia mpaka ilipoacha kutembea. Halafu akatoka langoni na lile shati lake la madoa, wala hakuurudisha mlango.

"Mfuate," alisema wifi.

"Nimfuate nikiwa na gari lisilo na oili?" Mama Basi alitazama saa ya simu yake. "Watoto wanatoka. Nati iko wapi?"

Nati ilikuwa kwenye beseni, na beseni lilikuwa limemwagika. Walipiga magoti wote wawili, mikono kwenye mchanga uliolowa oili, wakipapasa kama wanaotafuta hereni. Wifi alikuwa amevaa gauni alilokuwa akimshonea mteja, amelijaribisha mwilini mwake kuona mkunjo wa kiuno. Alilikunja juu ya magoti na kuendelea kupapasa.

"Wewe unajua kuifunga lakini?" aliuliza.

"Nimeshika tochi miaka yote hii. Macho nilikuwa nayo."

"Mimi nimeona watu wengi wakila, sijawa mpishi."

"Wifi, tafuta nati."

Aliipata wifi, chini ya gogo. Washa yake, kile kipete chembamba cha shaba cha kuzuia kuvuja, bado ilikuwa imeng'ang'ania. Mama Basi aliipangusa kwa upindo wa kanga mpaka ikang'aa, akajilaza kwenye mkeka, akaingia chini. Hakuwahi kuliona gari kutoka upande ule. Lilikuwa karibu mno na uso, jeusi, linapumua joto. Tone moja la oili lilimdondokea kwenye paji la uso na kuteremka hadi kwenye nywele. Alikumbuka sauti ya mumewe: kwanza vidole, mpaka ikatae, ukianza na spana utaiua. Akazungusha kwa vidole. Mara mbili ilikaa upande, akaitoa, akaanza upya. Mara ya tatu iliingia kwa utii. Ilipokataa vidole akaweka spana na kuvuta. Kisha akavuta tena. Kisha akawafikiria watoto walioshikana mikono kwenye majani, akaweka mguu kwenye tairi na kuvuta kwa uzito wake wote mpaka kiwiko kikalia.

Walikata chupa ya maji nusu, wakaigeuza iwe kama bomba la kumiminia, na wifi akaishika wakati yeye akimimina oili kutoka kwenye galoni. Alipima kwa kile kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akapima tena. Akamwomba Mungu, akawasha. Taa nyekundu iliwaka. Ikakaa. Halafu ikazimika.

"Nenda," alisema wifi, huku akimwaga mchanga juu ya lile dimbwi. "Na gauni hili la watu nitalisema nini, sijui."

Walimu walikwisha funga madarasa. Watoto walikuwa wameketi juu ya mikoba yao kando ya lango, na mlinzi alikuwa amesimama katikati yao kama mchungaji aliyechoka.

"Mama Basi, jua hili ni la kumweka mtoto wa mtu?" alisema mlinzi.

"Nisamehe, mzee. Nilipata shida kidogo."

"Shida kidogo kila mwezi," alisema, lakini akamfungulia mlango wa pembeni wa kibasi.

Msichana mdogo aliyezoea kukaa nyuma ya dereva alisogeza pua. "Mama Basi, leo unanuka gereji."

"Ni manukato mapya. Kaa chini."

Aliendesha macho yakicheza kati ya barabara na dashibodi. Kila tuta alilipanda kama anapita juu ya mayai. Kila aliposhusha mtoto alitafuta kisingizio cha kuinama na kuangalia chini ya gari. Kwa mzazi mmoja alijifanya ameangusha ufunguo, kwa mwingine akafunga kamba ya kiatu kisichokuwa na kamba. Chini palikuwa pakavu. Hilo halikumtuliza. Akipanda tena, mawazo yalikuwa yale yale: nati, na mtu mmoja anayetembea juani na shati chafu.

Nyumbani hakuwako. Wifi alikuwa amekwenda mpaka kwa kinyozi, hakumwona. Mama Basi hakuzima hata injini. Alipita kwenye ghala la mbao alikokuwa mumewe akiandika mizigo kabla ya kuugua. Walimwambia hawajamwona tangu mwezi ule walipompelekea matunda akiwa mgonjwa. Akapita hospitali, kwenye chumba cha mazoezi ya viungo, ambako kila wiki alikuwa akimpa nauli na ada aende kunyooshwa mkono. Yule bibi wa mazoezi, mwenye mikono mipana kama ya mtu wa kukanda unga, alimtazama kwa mshangao.

"Mimi nilidhani mmehama. Wiki nne sijamwona, na mkono ule usiponyooshwa unazidi kufunga."

Mama Basi alirudi garini, akakaa bila kuwasha. Wiki nne. Alimwona akiondoka kila mara, ameoga, ameshika kadi yake ya hospitali. Na akirudi alikuwa akiukunja mkono na kuukunjua mbele yake: unaona, leo wamenibana kweli kweli. Galoni ile ya oili sasa aliijua ilikotoka.

Hakupanga kupita kwa chapchap. Ni kwamba barabara ya kurudi ilipita hapo. Shati la buluu alilitambua kabla hajamtambua mwenye shati. Mwenyewe alikuwa ameketi kwenye benchi la manjano, fimbo katikati ya magoti, anaangalia shimo. Kutoka nyumbani mpaka pale mtu mzima wa afya anapanda gari. Viatu vyake vilikuwa vyeupe kwa vumbi, cha kulia kimelika ubavuni.

Aliegesha pembeni, akaja, akaketi kando yake. Fundi mnene alikuwa shimoni chini ya teksi.

"Wamekupa maji?" mke aliuliza.

"Wamenipa. Na kiti walitaka kunipa, chenye mto. Yule dada akaniuliza, mzee, gari lako ni lipi? Nikasema linakuja. Ameuliza mara tatu. Sasa hivi ameacha kuuliza, ananihurumia tu."

"Umekuja kufanya nini hapa?"

"Kuangalia." Alisema hivyo bila kumtazama. "Nilikuja nikiwa na yangu ya kusema. Nilisema nitawakuta wanaharibu. Nimekaa hapa, magari yameingia na kutoka, sijui mangapi. Hawaharibu. Yule bwana wa miwani anafungua, anamwaga, anapangusa, anafunga. Kila nati anaishika kwa mkono unaojua uzito wake. Nilikuwa hivyo."

"Ulikuwa hivyo."

"Kwa hiyo hata wewe unasema nilikuwa."

Mama Basi aliuma mdomo. Kisha akasema, "Nimepita kwa bibi wa mazoezi."

Fimbo ilizunguka kidogo kati ya viganja vyake, kimoja kikiishika, kingine kikiigusa tu.

"Wiki nne," alisema mke. "Unatoka umeoga. Unanionyesha mkono. Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Kuna uwanja pale nyuma ya hospitali. Nilikuwa nakaa. Saa ikifika narudi." Akakung'uta vumbi gotini. "Unavyoamka alfajiri. Unavyobeba watoto wa watu. Mimi nalala, nalishwa, nalipiwa mtu wa kunivuta vidole. Nikasema nikinunua oili, angalau hicho ni kitu. Angalau hicho ni changu."

"Na mkono?"

"Mkono nilisema utangoja."

"Haungoji, baba watoto. Bibi amesema unazidi kufunga." Akageukia upande wake. "Nilimwaga pesa ya gesi kwa chapchap ili nisikuumize. Wewe umemwaga mkono wako ili usiniumize mimi. Tumeokoa nini?"

Teksi ilitoka juu ya shimo. Dada wa kaunta alichungulia dirishani, akamwona Mama Basi, akatabasamu kwa wasiwasi.

"Mama, umerudi? Kuna tatizo?"

"Hakuna tatizo. Nimemfuata mume wangu."

Bwana wa miwani alikuwa amepanda ngazi, anajipangusa. Mwenyewe alimtazama kwa muda, halafu akamgeukia mkewe. "Na nati nani ameikaza?"

"Mimi."

"Wewe."

"Kwa vidole kwanza mpaka ikakataa. Halafu spana."

"Washa uliiweka?"

"Ilikuwa imeshika kwenye nati. Niliipangusa."

Akaegemea fimbo, akainuka, akavuta mguu mpaka kwenye kibasi. Alishika tairi, akajaribu kuinama. Goti la kulia halikukubali. Alijaribu upande mwingine. Bwana mwenye tai, si yule wa asubuhi ila wa namna ile ile, alipiga honi taratibu kwa sababu walikuwa wamemzibia njia. Mama Basi alijua wazi kitakachofuata: atasema acheni, nitaangalia mwenyewe nyumbani.

"Fundi," Mwenyewe alisema. "Hebu niangalizie nati ya oili. Mimi kuinama kumenishinda."

Fundi alivua miwani, akalala ubavu juu ya saruji bila hata kutandika gunia, akaingiza kichwa. Waliisikia spana ikigusa mara moja. Akatoka, akajipangusa mikono.

"Haivuji," alisema. "Lakini nani kaikaza hii? Kaikaza kama anafunga lango la gereza. Siku ya kuifungua mtapata kazi."

"Ni mke wangu," alisema Mwenyewe.

Fundi alimtazama Mama Basi, oili kwenye nywele, kanga imelowa. "Mama, safari nyingine theluthi moja ya nguvu hizo inatosha. Na washa mpya kila mara. Ni bei ya pipi." Akarudi shimoni akipiga mluzi. Hakudai kitu.

Walipanda. Mama Basi akashika usukani. Honi ililia tena nyuma yao. Hakuwasha kwanza.

"Kesho ukishusha watoto unipitishe kwa yule bibi," mumewe alisema. "Na uingie nami ndani. Mimi atanitukana nikiwa peke yangu."

"Atakutukana hata nikiwepo."

"Ndiyo, lakini atapunguza."

Alitaka kucheka na alitaka kulia, na hakufanya lolote kati ya hayo. Gesi bado haikuwapo. Mzazi aliyeondoka hakuwa amerudi, na mlinzi wa shule angemsema tena. Aliweka ufunguo, akawasha injini, akangoja taa izimike.

Mwenyewe alikuwa ameuvuta mkanda wa kiti kwa mkono wa kushoto, akaupitisha kifuani. Aliutafuta mdomo wa kufungia upande wa mkono wake mbaya, akaukosa, akaukosa tena. Halafu akaacha kuutafuta. Akamshikia mkewe ule mkanda, kichwa amekigeuzia dirishani.

"Nifungie," alisema.

Mama Basi aliuchukua, akauingiza, akasukuma mpaka ukalia.